Batri ya Mama Marcelline

Bwana wangu Cirhuza, baba wa Yolande wetu, alikuwa mtu wa ofisi, mpole, asiyegombana hata na mbu. Lakini gari lake lilinitoa roho. Alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na likawa gari la kwanza la otomatiki huku kwetu Kasha, mtaa wa Bagira mjini Bukavu, lile linalobadilisha vitesi, yaani gia, lenyewe na mguu wako wa kushoto unakaa bure. Mtu mzima alikuwa akiamka asubuhi na kulisalimia gari kabla ya kunisalimia mimi.

Nilimsamehe kwa sababu ya Jumapili. Jumapili alimpeleka mama yake, Mama Marcelline, misa nalo, polepole kama maharusi, naye amekaa mbele na kitambaa chake kizuri, uso ameuelekeza dirishani ingawa haoni kitu.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu kutoka Idjwi macho yake yalipopofuka. Kule kisiwani alijua kila njia kwa nyayo. Hapa Kasha alijua kitanda, kiti cha dirishani na redio. Redio ndiyo ilimletea watu. Alisikiliza habari, alisikiliza kwaya, na matangazo ya vifo aliyajibu kwa sauti: "Masikini, ule muzee alinipatiaka ananasi nikiwa mudogo." Redio ikinyamaza, alikaa mikono magotini na kuniuliza kama kumekucha. Swali hilo nililiogopa kuliko yote.

Na umeme wa miaka ile ya Zaïre, sisi wa Bagira tunaujua. Ulikuja ukitaka. Batri ndogo za dukani nazo zilifika zimeshakufa. Basi kila magharibi Cirhuza alifungua boneti, akachomoa batri ya gari, akaibeba tumboni mpaka chumbani kwa mama yake, akaunga nyaya mbili kwenye redio. Asubuhi aliirudisha. Mwenye gari gani mtaani hakufanya hivyo? Mimi nililalamikia mashati tu, maana asidi ilimtobolea yote pale tumboni na mshonaji wa viraka ni mimi.

Kisha gari likaanza wazimu. Klakson, honi yake, ikawa inalia kama mbuzi mgonjwa. Akiwasha taa ya kukata kona, mshale wa mafuta unalala. Akikanyaga breki, taa za mbele zinafifia. Vitesi ndivyo vilitutesa zaidi: mara gari linang'ang'ania kimoja tu njia nzima kutoka mjini, likilalamika, mara linaruka ghafla na kutupiga mgongoni. Asubuhi moja likakataa kuwaka kabisa. Majirani wakalisukuma mpaka chini bondeni, jasho linawatoka, ndipo akapita Aloys, mekanisyen, fundi wa magari wa Bagira, akawaambia kuwa gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Wakalipandisha tena mlima wote.

Aloys alisikiliza habari za vile vitesi, akatikisa kichwa. "Boîte ya vitesse, ile sanduku ya gia, imekufa, Papa Yolande. Hapa Bukavu hautaipata ingine. Uza vipande tu."

Siku hiyo Cirhuza hakula. Akapata mnunuzi wa vipande, wakapatana aje Jumamosi. Nilimsikia chumbani akimwambia mama yake, "Jumapili tutaenda kwa miguu, mama. Nitakushika mukono." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepigwa.

Ijumaa mchana Aloys akaja kulitayarisha. Halikuwaka. Akachukua batri ya gari lake mwenyewe, akaifunga humo, akaenda nalo mpaka Bagira katikati. Alirudi anajicheka.

"Papa Yolande, nilijidanganya. Boîte iko muzima. Inabadilisha vitesse mororo. Hii gari vitesse yake inaongozwa na kisanduku ya umeme, na kama umeme iko kidogo, kisanduku inapotea akili. Shida ni batri. Unaitoaka?"

"Kila mangaribi. Ni kwa redio ya mama."

"Basi njo hivyo. Mchana moteri inashinda inailisha, usiku redio inaimaliza. Niende niijaze vizuri. Lakini usiitoe tena, itakufa kabisa."

Batri mpya ilikuwa ndoto kwa mishahara ile. Nilikuwa ndani natwanga sombe, majani ya muhogo, na nikamwona Mama Marcelline kwenye kiti chake cha dirishani. Vidole vilikuwa vimesimama kwenye rozari.

Aloys akairudisha batri imejaa. Magharibi ilipofika, Cirhuza alisimama mbele ya boneti, spana mkononi, muda mrefu. Halafu akaichomoa. Nilitaka kumfokea, na papo hapo nikampenda kuliko siku ya ndoa yetu. Akaibeba tumboni mpaka chumbani.

"Rudisha hiyo kitu," mama yake akasema. "Redio yako inanichokesha. Kelele tu."

Yeye huyo aliyekuwa akininyamazisha nisimharibie kwaya.

"Mama, ulisikia Aloys."

"Nilipofuka macho, hapana masikio. Peleka batri mu gari."

Akaipeleka. Aliporudi alikaa kitandani kwa mama yake gizani, akakohoa, akaanza kwa sauti ya mtangazaji: "Hapa ni Bukavu. Habari za mangaribi." Akatangaza kwamba mkubwa wake ofisini amelala mkutanoni. Akatangaza kuwa mashua ya Idjwi imefika na mananasi, na kwamba mke wake amepika sombe bila chumvi. Mwisho akaimba kwaya, sauti zote nne peke yake, vibaya sana. Mama Marcelline alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia jikoni, kisha nikaongeza chumvi.

Mnunuzi wa vipande tulimrudisha. Jumapili mama akaenda misa na gari lake, na kila magharibi Cirhuza alitangaza. Alianza kupita bandarini akitoka kazini, kuuliza habari za Idjwi kwa wanaoshuka: nani amezaa, nani amefiwa, mvua imefika wapi.

Baada ya msimu mzima ikapatikana batri mpya. Ile ya zamani ikahamia chumbani moja kwa moja, kwa redio tu. Cirhuza akaunga nyaya, anatabasamu. Mtangazaji wa kweli akasikika, kwaya ya kweli ikafuata, nzuri kabisa. Mama Marcelline akasikiliza kidogo, kichwa ameinamisha upande.

"Huyu hajue batu ya kwetu Idjwi," akasema. "Zimisha, mutoto yangu. Endelea weye."

Cirhuza akachomoa waya, akakaa kitandani, akakohoa.