Injini Iliyolala Chini ya Migomba

Harufu ya faiba, ile plastiki ngumu ya kuundia bodi za magari, haisahauliki ukishaivuta ukiwa mdogo. Ni kali, ina utamu wa uongo kama rangi ya kucha, na hubaki puani hata unawe kwa sabuni mara ngapi. Nyumbani kwetu Masama, mlimani, harufu hiyo ilichanganyika na ile ya maganda ya kahawa yaliyokuwa yakioza nyuma ya kibanda cha kumenyea, na kwa muda wa karibu mwaka mzima sare zetu za shule, mashuka, hata uji wa asubuhi, vyote vilinuka hivyo. Wenzangu darasani waliniuliza kama kwetu tumefungua duka la rangi. Niliwaambia baba yangu anatengeneza gari la michezo, lile la viti viwili, fupi, la kukimbia, wakacheka mpaka mwalimu akaingia. Sikuwalaumu sana, maana hata mama yangu alikuwa akicheka.

Gari lilikuja likiwa vipande. Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja, mhandisi wa visima vya maji, mtu mwembamba aliyependa magari kuliko chakula. Kwao, alimweleza Baba, watu wenye kipato cha kawaida huuziwa magari ya kuunda wenyewe: unaletewa mabomba ya fremu, magurudumu, bodi ya faiba iliyokatwa vipande, na michoro ya kukuonyesha kipi kinaingia wapi, kisha unaliunga nyumbani siku za mapumziko. Kila kitu kimo isipokuwa injini. Hiyo unaitafuta mwenyewe kwenye gari lolote kuukuu. Mzungu alikuwa ameagiza lake hadi Moshi ili alitengeneze jioni baada ya kazi, lakini mkataba wake ukaisha kabla hajafungua hata boksi moja. Akamwachia Baba mzigo wote, wakakumbatiana, akaenda uwanja wa ndege. Baba alirudi nyumbani hana kazi, ana sanduku kubwa kuliko jiko letu.

Alivitandaza vipande kwenye kibanda cha kahawa. Mimi na mdogo wangu Godi tulipewa kazi ya kupiga msasa, na tulijikuna mikono usiku kucha kwa sababu ya vumbi la faiba. Kulipokucha Mama alitupaka mafuta ya ng'ombe huku akiuliza kama kuna mtu yeyote katika nyumba hii aliyebaki na akili timamu. Fremu Baba aliipeleka Pasua, mjini Moshi, kwa fundi wa kuchomelea, ikarudi imenyooka, imepakwa rangi nyeusi. Kufikia miezi ya baridi, ukungu unaposhuka asubuhi mpaka huoni migomba iliyo mbele ya mlango, kitu kilichokuwa kibandani kilikuwa na sura ya gari. Kilikuwa chekundu, kimeinama karibu na ardhi, na mbele palikuwa na shimo tupu la kuwekea injini. Wanaume wa jirani walipopita kunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa mzee wa pembeni yetu walisimama, wakaingiza vichwa kwenye lile shimo, na kila mmoja akawa na ushauri wake.

Injini zilikuwa tatu za kuchagua. Ya kwanza ni ya pikipiki. Ilikuwa nyepesi, ilipatikana kirahisi na haikunywa mafuta mengi, ila pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, na sisi tulikaa mahali ambapo hakuna hata hatua ishirini za tambarare. Ya pili ni ya dizeli iliyotoka kwenye mashine ya kusaga mahindi. Hiyo ilikuwa na nguvu za kuvuta jabali, lakini Baba alipoiwasha chini kwa majaribio ilitingishika hadi ikajisogeza yenyewe mpaka mlangoni, na kuku hawakutaga kwa siku kadhaa. Ya tatu ilikuwa hapo hapo nyumbani. Ilikuwa ndani ya gari dogo la Kijapani lililopandishwa juu ya mawe katikati ya migomba, bodi imeliwa na kutu, limefunikwa kwa majani makavu. Injini yake ilikuwa na silinda nne, haikuwahi kuguswa na fundi wa ovyo, na giaboksi yake ilikuwa imeshikana nayo. Kila aliyeingiza kichwa kwenye shimo aligeuka akatazama kule migombani. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu gari lile lilikuwa la Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa ni kaka yake Baba, mzaliwa wa kwanza. Kwa desturi yetu nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, humwangukia kitinda mimba, na Baba ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Wakubwa hupewa sehemu zao mapema wakajenge. Hayo yote Baba Mkubwa aliyajua. Lakini ile nyumba ya saruji aliijenga yeye kwa mshahara wake ili wazazi wao wasife wakivujiwa, na babu alipofariki, kwenye kikao cha ukoo, aliomba angalau aachiwe chumba kimoja cha kufikia. Baba alimjibu kwamba kabla ya kuomba chumba aondoe kwanza mkweche wake migombani kabla haujaota uyoga. Watu walicheka. Baba Mkubwa hakucheka. Alishuka Mabogini, akakodi majaruba ya mpunga, na hakupanda tena.

Mabogini si mbali. Ndiyo maana iliuma. Siku ambayo hakuna ukungu ungeweza kutazama chini tambarare ukasema, pale kwenye kijani ndipo alipo. Na kila Krismasi, ndugu wanapopanda mlimani kutoka kila mji, mbuzi alichinjwa na nyama ikagawanywa kwa mpangilio unaojulikana tangu zamani, na fungu la mkubwa likawekwa juu ya jani la mgomba peke yake. Lilikaa pale mpaka nzi wakalijua. Kisha Mama alilifunga akampelekea jirani, na Baba akajifanya ana shughuli na moto. Mimi nililiogopa fungu lile la nyama. Nilikuwa nampenda Baba Mkubwa, ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, na nilihisi kwamba ikipita Krismasi nyingine moja au mbili namna ile, watu watazoea, na jani halitawekwa tena.

Asubuhi moja Baba alikwenda mpakani mwa kihamba, kwenye safu ya masale. Sale ni mmea wenye majani marefu unaoonyesha mwisho wa shamba la mtu, na ni zaidi ya hapo. Ukimkosea mtu ukamletea jani la sale lililofungwa fundo, hawezi kukataa kukusamehe. Ni mwiko. Baba alikata jani moja bichi, akalifunga fundo, akaazima pikipiki, akaniambia nipande nyuma nilishike lisichanwe na upepo. Nadhani alinichukua kwa sababu mtoto akiwepo wakubwa huchunga midomo. Mama alituangalia tukiondoka, akasema neno moja tu: hatimaye.

Tulimkuta Baba Mkubwa jarubani, suruali imekunjwa magotini, matope yamemfika kwenye mapaja. Joto la kule chini lilinilevya. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye jani. Baba alilichukua mkononi mwangu akampa kwa mikono miwili. Baba Mkubwa alinawa kwanza kwenye mfereji, akalipokea, akakaa ukingoni. Kisha akasema amesamehe. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama Mkubwa akatuletea wali mpya wenye mvuke na maharage, tukala kwenye sahani moja chini ya kivuli cha bati.

Laiti Baba angenawa akaaga. Lakini alishiba, akafurahi, na mtu aliyefurahi hachungi ulimi. Akaanza kueleza juu ya gari, fremu, faiba, shimo la mbele. Nilimwona Baba Mkubwa akiacha kutafuna. Baba akafika mwisho wa hadithi yake, akaitaja injini.

Baba Mkubwa aliliokota jani kutoka pembeni mwa mkeka, akaligeuza geuza.

"Anaeli," akasema, "hili umeniletea mimi au umeiletea injini?"

Baba akaanza kuokota punje za wali kwenye mkeka.

"Sale haliombi injini. Nimekusamehe kwa sababu siwezi kulikataa hili. Injini naweza kuikataa, na nimeikataa."

Tulipanda pikipiki tukarudi. Tulipofika, Mama alimtazama Baba usoni, akanitazama mimi, akaelewa. Alimwambia kwamba yeye peke yake mlima mzima ndiye angeweza kwenda kuomba msamaha na kurudi akiwa na deni jipya.

Baba alifunga injini ya pikipiki. Alifanya hivyo kwa hasira, akaunganisha mnyororo hadi ekseli ya nyuma, na Jumapili moja baada ya ibada alilitoa gari nje watu wakiona. Kuteremka lilikuwa zuri ajabu. Liliruka kuelekea barabara kubwa likiwaka kwa wekundu, likilia kwa sauti nyembamba, na wanakwaya wakalipigia makofi. Kupanda likakataa. Lilifika kwenye kona ya kwanza, injini ikachemka, ikazima, na kwa kuwa halikuwa na gia ya kurudi nyuma halikuweza hata kugeuka kwa heshima. Wanakwaya walewale wakavua viatu vya kanisani, wakalisukuma mpaka nyumbani. Mama alisimama mlangoni amefunga kanga kiunoni. "Umetengeneza gari la kuteremka tu," akasema, na jina hilo likabaki. Mpaka shuleni walimu waliliita Kuteremka Tu.

Desemba ikafika, na magari ya watoto wa watu yakaanza kupanda kutoka Dar na Arusha. Mama alimpa Baba onyo moja kwa sikukuu yote: kama ndugu yake atakuja, neno injini lisitamkwe katika boma hili, hata kwa kuota. Siku ya Krismasi tulikuwa pale konani, Baba kwenye usukani, mimi na Godi na watoto wa jirani nyuma tukisukuma, nilipoona mkono mwingine ukitua pembeni ya wangu kwenye bodi. Ulikuwa na makovu ya mundu wa mpunga. Baba Mkubwa alikuwa amevaa koti la suti, amebeba kifuko cha mchele. Aliweka kifuko kwenye kiti, akavua koti, akasukuma. Baba alijua ni nani kupitia kioo cha pembeni, na nilimwona akiuma mdomo wa chini ili usifunguke.

Mchana ule fungu la mkubwa halikukaa juu ya jani hata dakika mbili. Baba Mkubwa alilichukua kwa mikono yake mwenyewe, akakata kipande akampa Baba, akakata kingine akanipa mimi. Nilikula polepole nisikimalize. Siku nzima walizungumza juu ya mpunga, kahawa, magoti ya bibi, na hali ya barabara. Walipokaribia jambo lolote lenye magurudumu, Baba alinyanyuka kwenda kuchochea moto.

Kesho yake asubuhi nilisikia majani makavu yakiburutwa. Baba Mkubwa alikuwa migombani, amefunua gari lake, boneti iko juu. Alinituma spana namba kumi na saba. Baba akaja mbio akiwa na mswaki mdomoni, akasimama.

"Kaka, mimi sijasema kitu," akasema.

"Najua," Baba Mkubwa akajibu, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Ndiyo maana naitoa."

Waliifunga mnyororo kwenye tawi la mti wa mringaringa, wakaivuta injini juu wao wawili, wakigombana juu ya nani ashike wapi, na injini ikanyanyuka taratibu kutoka kwenye makazi yake ya miaka, ikiwa na kiota cha panya juu ya kabureta. Kabla ya shule kufunguliwa ilikuwa ikilia ndani ya gari jekundu. Siti zilikuwa mbili tu, basi wakapanda wao, wazee wawili wenye magoti yaliyokunjwa hadi kidevuni, wakapanda mlima mpaka kanisani bila kusimama. Sisi tulikimbia nyuma yao tukivuta moshi. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena. Chumba cha mbele kikawa cha Baba Mkubwa kila Desemba, mpaka alipofariki.

Sasa Baba naye ametangulia, na gari liko kwenye kibanda kilekile. Kahawa tumeipunguza, faiba imepauka, ila injini ikipewa betri inaitika. Godi ni kitinda mimba, kihamba ni chake kwa desturi, lakini yuko Dar na mimi ndiye niliyebaki na Mama. Mwaka juzi, tulipokuwa tunagawana vitu vya Baba, alilitaka gari, nami sikutaka liondoke mlimani, akaniambia mwanamke huolewa, haachiwi magari. Toka siku hiyo salamu zetu zilipita kwa Mama. Watu wa siku hizi wanaombana radhi kwa simu, na si vibaya, ila nimeona kwamba ujumbe wa samahani mara nyingi hufuatwa na mwingine wa kuomba kitu kabla hujamaliza kusoma wa kwanza.

Wiki iliyopita simu yangu ililia asubuhi. Godi alikuwa amenitumia picha. Ilikuwa ya sale lililopandwa kwenye chungu, mapambo ya mlangoni katika jengo analofanyia kazi, na jani moja alikuwa amelifunga fundo. Chini yake hakuandika kitu. Niliitazama, nikaweka simu juu ya meza, nikaenda kupalilia, nikarudi kuitazama. Nilisubiri ujumbe wa pili, ule wa gari. Mchana haukuja. Nilipokamua ng'ombe haukuja. Jua lilipozama nikaenda kibandani, nikafungua boneti, nikaiweka betri kwenye chaji.