Kiganja Shingoni mwa Mamake

Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu na ushei, alianza tabia ya kumwekea mamake kiganja shingoni. Tulikuwa tukikaa Mtongwe, miaka ya vita, nami nilikuwa karani wa ghala bandarini, ng'ambo kisiwani. Alasiri nikirudi nilimkuta nyuma ya mamake penye mafiga, kiganja shingoni, kama mtu anayepima maji ya kuoga.

"Baba, Mama yuna moto."

"Anayepika lazima apate moto," nilimjibu, nikacheka.

Yeye hakucheka.

Baada ya hapo alimganda. Hakutaka kubebwa na mtu mwingine. Mamake akienda kisimani, yuko nyuma, amekamata pindo la leso. Mamake akikaa, naye amekaa juu ya mguu wake. Alilia ovyo. Mke wangu naye chakula kilimshinda, asubuhi akitapika, kichwa kikimgonga. Mambo hayo mawili, mama kutapika na mtoto kuganda, kwetu yalikuwa na maana moja tu. Mtoto mdogo humjua mwenziwe aliye tumboni kabla ya watu wazima kumjua, na wivu ndio unaomliza.

"Bwana karani!" jirani yetu alinipigia kelele kutoka uani kwake. "Tafuta kitanda kingine! Huyo keshamwona mwenziwe, ndiyo maana habanduki!"

Tulicheka sote. Mke wangu alicheka ameshika tumbo. Baadaye aliniambia, "Mimba naijua. Huu si mwendo wake."

Nikamwambia kila mimba ina vituko vyake. Mimi niliyesoma hadi sekondari, niliyefunzwa habari za homa na vipimo vyake, sikumgusa mke wangu hata kipajini. Nilitaka mwana wa kiume, basi nikataka iwe hivyo.

Dawa ya mtoto mwenye wivu ilikuwa kumtenga na mamake. Mama yangu akaja kutoka Bofu kumchukua. Mtoto alikumbatia tendegu la kitanda.

"Nikenda, Mama ataanguka."

Niling'oa vidole vyake kimoja kimoja, na aliposhika tena nikampiga kofi mkononi. Hakulia. Aliutazama mkono wangu tu. Ukubwani mwake nilimwomba radhi, akasema hakumbuki kofi lolote. Mimi nakumbuka.

Mama yangu alimfunga mgongoni. "Nawe uliganda hivi hivi alipokuja nduguyo," aliniambia. "Ulinuna mpaka mdomo ukafika kifuani. Atazoea."

Hakuzoea. Siku ya nne, Jumapili saa nane za mchana, mama yangu alirudi naye, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, mtoto huyu hali. Kila tonge hulikata pande mbili, akisema hili langu, hili la Mama. La mamake haligusi. Hulifunga kwenye pindo la leso yangu mpaka linachacha. Mimi nimezaa sita, wivu naujua. Huyu hana wivu. Huyu anaogopa."

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mtoto aliteremka, akanipita bila kunitazama, akaingia chumbani. Mke wangu alikuwa amelala tangu asubuhi, nami nikidhani ni uchovu wa mimba. Mtoto akamwekea kiganja shingoni, akakiondoa upesi. Akaenda mtungini, akachota maji kwa kata, akaanza kummwagia mamake miguuni. Godoro likawa linalowa. Niliinua mkono.

"Mwache!" mama yangu alinidaka. "Mguse mkeo kwanza."

Nilimgusa. Alikuwa akiwaka. Midomo imekauka, macho nusu wazi, na aliniita kwa jina la kaka yake ambaye tulikwisha kumzika.

Tulimbeba kwa kitanda chake, wanaume wanne, hadi kivukoni, tukavuka naye kisiwani hospitalini. Daktari alimbonyeza tumbo kidogo tu, mke wangu akapiga ukelele.

"Hana mimba," daktari alisema. "Ni homa ya matumbo, na yapata wiki ya tatu hii. Mlikuwa wapi?"

Aliniambia utumbo ukitoboka hakuna la kufanya, na kwamba siku zinazokuja ndizo za kuogopa.

Niliziogopa moja moja. Kila nilipotoka hospitalini nilimkuta mtoto mlangoni. Hakuniuliza neno. Alizishika nguo zangu akazinusa, mikono, kifua, kisha akaenda kula, au hakwenda. Daktari alikuwa akiniambia "bado" tu, kwa hiyo nilisimama pale nimezuia pumzi, baba mzima, nikingoja mtoto wa miaka mitatu aniambie kama nina mke.

Siku moja wauguzi hawakuniruhusu kuingia. Nilichungulia dirishani nikaona kitanda chake kimezungushiwa pazia. Niliporudi, mtoto alininusa mara moja, akaninusa tena.

"Yuko wapi?"

"Yuko hospitali, mama."

"Hayuko hapa," alisema, akishika shati langu. Akaingia uvunguni mwa kitanda, na mama yangu alishindwa kumtoa mpaka magharibi. Nami nilikaa sakafuni karibu naye. Niliamini kama yeye, kwamba mamake hayuko tena.

Mke wangu hakufa. Kesho yake pazia lilikuwa limeondolewa, na siku nyingi baadaye nilimrudisha Mtongwe, mwepesi kama mkeka, nywele zikimtoka kwa mafungu. Tulimkalisha kitandani. Mtoto alikuja mbio, kiganja kimenyooshwa, akafika hatua moja kutoka kwa mamake, akasimama.

Aliutazama kwanza mkono wangu.

Niliuficha nyuma ya mgongo. Ndipo akasogea, akamgusa mamake shingoni, akakiacha kiganja pale.