Tausi Aliyefichwa Machoni pa Watu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Kinole, ng'ombe wetu wa maziwa, Tausi, hakuruhusiwa kuonwa na mtu wa nje. Bibi mzaa mama aliamini jicho la husuda. Ng'ombe wake wa kwanza alikufa muda mfupi baada ya mpita njia kumsifia kiwele, na tangu hapo bibi alikata shauri. Tausi akajengewa banda la mabanzi yaliyobanana, na majani akaletewa humo humo.

Masika ile mvua haikukatika. Tausi alisimama gizani, kwenye tope la mavi na mkojo lililozifunika kwato. Akaanza kuchechemea. Kisha kiwele kikawa kigumu, cha moto, na maziwa yakatoka mabonge yenye damu. Bibi alisema kuna mtu amechungulia. Akaziba kila ufa kwa magunia, akafunga hirizi mlangoni.

Asubuhi moja tulimkuta Tausi amelala, hainuki. Mama alipiga magoti topeni, akaushika mguu wa nyuma. Harufu ilinifikia nilipokuwa.

"Mama," alimwambia bibi taratibu, "kwato zinaoza. Hapa ndani ndipo panapomuua."

"Ukimtoa watamwona."

"Na wamwone."

Akachukua shoka, akaanza kuvunja ukuta. Bibi alijifunika kanga usoni. Mimi nililia, maana niliamini Tausi akitazamwa tu atakata roho. Kishindo kiliwaleta majirani, wa kwanza akiwa Mama Zena, ambaye bibi alimshuku kuliko wote. Alipitisha kamba chini ya tumbo la Tausi, wakamwinua. Akaanguka. Wakamwinua tena, wakamkokota hadi mteremkoni, penye nyasi na ardhi isiyotuamisha maji. Watu wote wakamtazama.

Bwana mifugo alikuja na dawa. Tausi akapona, ingawa chuchu moja haikutoa maziwa tena. Tangu hapo alishinda malishoni, na bandani akaingia kulala tu, upande mmoja ukiwa wazi. Bibi hakulizungumzia jambo hilo kamwe, ila alianza kumpelekea Mama Zena maziwa.

Miaka yote nilidhani mama hakuamini mambo ya jicho. Juzi, sasa nami nafuga, nilimuuliza. Akasema aliamini, na bado anaamini. Kila alipopiga shoka alidhani anamuua Tausi. Lakini alikwisha kuushika ule mguu, na hakuweza tena kuuacha ukuta umesimama.