Fundo la Mfuko wa Mchele

Flaviana hufunga mfuko wa mchele kama mama yake alivyokuwa akifunga mizigo ya majani ya ng'ombe kule Marangu: kamba inazunguka mara mbili, kisha ncha inafichwa chini. Asubuhi ile alikuta ncha iko juu. Katika nyumba ile ya kupanga, hapa Irving, Texas, wanaishi watu wawili tu, yeye na binti yake Natalia.

"Ananipima," alisema peke yake, akalifungua fundo na kulifunga upya.

Yote yalianzia kwenye tezi ya shingo. Daktari alisema imezembea, ndiyo maana mwili unanenepa na kuchoka. Akapewa kidonge cha kila asubuhi, na mtaalamu wa lishe akampangia kalori elfu moja na mia tano kwa siku. Natalia, ambaye ni nesi, akamwekea apu ya kuhesabu kalori kwenye simu na mzani mdogo mezani. Kila chakula kipimwe, kila chakula kiandikwe.

Flaviana hakuuamini ule mzani tangu siku ya kwanza. Simu itajuaje kiasi cha kumtosha mwanamke anayeshinda amesimama, akikunja mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege? Hata hivyo alitii. Aliupunguza wali ukabaki kiganja, akaziaga ndizi nyama. Uzito haukushuka. Uliongezeka! Natalia akalishusha lengo hadi elfu moja na mia mbili bila kumuuliza mtu. Flaviana akawa anaona kizunguzungu kazini, na nyumbani anajifunika blanketi wakati Texas nzima imevaa kaptula.

Ndipo maswali yakaanza.

"Mama, sema ukweli tu. Sitakugombeza."

"Ukweli upi?"

"Nikiwa kazini unakula nini?"

"Ulichoniandikia. Wali kiasi cha kuku kudonoa na mchicha usio na chumvi."

"Mbona hesabu haziendi?"

"Kwa hiyo mwizi ni mimi? Niibe mchele nilionunua mwenyewe?"

Natalia aliutupia jicho mfuko wa mchele. Jicho lile lilimuuma Flaviana kuliko tusi. Amelea watoto wawili bila kumdanganya mtu, leo uzee haujafika anachunguzwa kama mfanyakazi wa ndani. Akampigia simu mwanawe Edson, anayeishi Katy, karibu na Houston.

"Njoo huku, Mama," Edson alicheka. "Hapa hakuna mzani, kuna sufuria tu."

Flaviana hakucheka. Alipanga nguo zake na mswaki kwenye begi, akalisukuma chini ya kitanda. Siku ya kliniki ilikuwa imekaribia. Natalia akimwita mwongo mbele ya watu, basi la Houston litamchukua kesho yake, na hatarudi.

Safari hii walimkuta mtaalamu mpya wa lishe, Mkenya aitwaye Chebet. Flaviana alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Huyu ametafutwa makusudi, aliwaza, ili nisijifiche nyuma ya Kiingereza.

"Mum, nielezee siku yako," Chebet alisema. "Anzia ukifungua macho."

"Nafungua macho, namshukuru Mungu."

"Amina. Halafu?"

"Nachemsha chai. Nikishaimimina nameza kidonge changu."

"Unakimeza na maji?"

"Na chai. Nani anameza dawa na maji baridi alfajiri?"

Natalia alikuwa akiperuzi simu. Aliiweka chini taratibu.

"Chai ya maziwa?" aliuliza.

"Kwani umekulia wapi wewe? Ya maziwa. Hiyo hiyo unayokunywa."

Chebet alijizuia kucheka. "Maziwa yanazuia hii dawa isiingie mwilini vizuri, Mum. Inamezwa na maji, tumbo likiwa tupu. Chai ingoje saa moja nzima baada ya kidonge. Na hiyo chai, huwa unaiandika?"

"Mliniambia niandike chakula. Chai ni chakula?"

"Vikombe vingapi kwa siku?"

Flaviana alimkazia macho kana kwamba anahojiwa na karani wa ushuru. "Asubuhi viwili. Nikitoka kazini vingine. Sukari kidogo."

"Kidogo ya kwetu au ya Wamarekani?"

"Ya kwetu," alikiri.

Chebet akamgeukia Natalia. Alisema kushusha lengo huku dawa haifanyi kazi yake ni kumshindisha mtu njaa bure. Lengo lirudi palepale alipopangiwa mwanzo, chai ikihesabiwa ndani yake. Damu itapimwa tena baada ya wiki kadhaa, daktari aamue kuhusu dozi. Natalia aliitikia kichwa, macho sakafuni. Nesi mzima, na kila asubuhi alikuwa akiketi na mama yake, kikombe kwa kikombe.

Asubuhi iliyofuata Flaviana alimeza kidonge na maji. Akaitazama bilauri kwa mashaka, kama iliyotumwa na mtu. Natalia alitoka chumbani, akavuta kiti.

"Umekuja kunilinda?"

"Nimekuja kungoja. Tutakunywa pamoja saa ikifika." Kisha akasema, "Mama, mchele ni mimi niliufungua, nikaupima. Nisamehe."

"Nilijua. Hata kufunga hujui."

Akaenda kabatini, akauleta ule mfuko mezani, akamwonyesha kamba inavyozungushwa na ncha inavyofichwa. Natalia alikosea, akarudia.

Begi la Katy Flaviana aliliacha palepale chini ya kitanda. Ila mswaki aliutoa.