Jino Langu Ndilo Ushahidi

Shughuli nzima ilinigharimu jino moja la mbele. Nimeyahesabu yaliyobaki kwa ulimi, mara mbili, na jibu ni lile lile.

Nilikuwa mwaka wa pili wa saikolojia hapa Nyeri, na maabara ya idara ilitafuta wanafunzi wa kujitolea. Nilitarajia mitambo. Nikakuta viti vitatu, birika la chai na daktari anayetafiti hasira baina ya ndugu. Malipo yalikuwa barua ya mapendekezo. Nikaomba mbili, na chakula cha mchana. Tukaafikiana barua moja na chai. Bila barua hiyo, kozi ya ushauri nasaha ninayoitaka nitaisikia kwa wengine.

Mafunzo yalikuwa mafupi. Kwanza msomee mhojiwa ahadi kwamba atakayosema yatabaki siri. Kisha soma swali kama lilivyoandikwa. Usishtuke, usikunje uso, usitoe maoni. Akisema lolote, jibu "asante" na uendelee. Na umhoji mahali ambapo watu wa nyumbani hawasikii.

Kwa hiyo kule Tetu, mkulima mmoja wa kahawa, mtu wa makamo, aliponiuliza tukae wapi, nikamwambia mbali na nyumba.

"Basi twende mpakani," akasema, akachukua panga. "Njia imejaa nyasi."

Mpakani ni pale palipopandwa matoka, yale maua ambayo huku kwetu hutenganisha shamba na shamba. Upande wa pili ni wa mdogo wake. Tukaketi, mimi na karatasi zangu, panga katikati. Njiani sikuona nyasi za kufyeka, lakini hilo si swali nililotumwa kuuliza.

"Ukikasirishwa na mtu wa karibu, huwa unafanya nini?"

"Huyo ndugu yangu anang'oa haya maua, anasongesha kwangu. Akiona niko hapa na mtu wa makaratasi, atajua umekuja kupima shamba. Atakuja mbio. Akikuja, namkata."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Nami nilikuwa nimefunzwa vizuri.

"Asante," nikasema. "Swali la saba."

La nane hatukulifikia. Mdogo wake alichomoka kwenye mikahawa, mikono mitupu, matope hadi magotini.

"Ati leo umeleta wa kupima! Na hukuniambia!"

"Mzee, mimi ni mwanafunzi tu—"

Ngumi ikanimalizia sentensi. Nilianguka juu ya matoka, mdomo umejaa damu na kitu kigumu kilichokuwa changu. Nikiwa chini niliona panga likipanda. Pigo la kwanza lilimpata mdogo mtu begani, macho yake yakiwa bado kwangu. La pili alilikinga kwa kiganja. Vidole viwili vikaanguka, kila kimoja upande wake wa mpaka. Yowe lake bado ninalo masikioni. Kaka mtu akatupa panga chini, akapiga ukemi kumshinda:

"Uui! Anaua mgeni wangu! Njooni!"

Majirani wakaja, wakakuta mgeni hana jino. Nani angehitaji maelezo zaidi?

Sasa mdogo mtu yuko wodini, pingu kwenye mkono uliobaki mzima. Kaka yuko nyumbani anapogoa kahawa, shujaa wa kijiji. Alinipigia simu: "Kijana yangu, jino nitakuwekea ingine. Wewe sema tu vile ulipigwa."

Daktari wangu naye akasema, "Ulichoona, sema. Ulichoambiwa kwenye mahojiano uliahidi kukificha. Ukikitoa, nani atakubali kuhojiwa nasi tena?"

"Na barua yangu?"

Akamimina chai.

Jana mke wa majeruhi aliningoja langoni mwa chuo. "Alikupiga, hiyo hatukatai, mwanangu. Lakini wewe ulikuwa hapo. Ndugu yake hakusema kitu mbele ya kumkata?"

Jumatatu naandikisha taarifa polisi. Nikisema nilichoona tu, kaka alinitetea, na jino langu litamfunga mtu aliyetegwa. Nikisema nilichoambiwa, nimevunja ahadi niliyomsomea kaka mimi mwenyewe, na barua imekwenda. Ninyi mliowahi kuhoji watu na kuwaahidi siri, nishaurini kabla ya Jumatatu: ile ahadi mwisho wake ni wapi?