Udhu wa Ndoo ya Chambo

Mimi muuza simu wa Mlandege, mjini, juzi nilimfuata baba mkwe kuvua usiku Kizimkazi kwa ngalawa yake, baridi ya kipupwe ikituuma. Tulihangaika mpaka tukapata vidagaa hai wa chambo, tukawatia kwenye ndoo ya maji ya bahari.

Alfajiri, bado kiza, baba mkwe akanambia, "Chota maji utie udhu, mwanangu."

Nikapapasa, nikagusa ndoo. Akili haikunipa kuwa ni ile ile. Nikajaza kiganja, nikasukutua. Yallah! Kitu kikanicheza ulimini! Nikaruka, nikaipiga teke ndoo, ikaangukia baharini na chambo chote.

Baba mkwe akawasha tochi, akanimulika usoni. Mkia ulikuwa ukipapatika mdomoni mwangu.

"Usimmeze," akasema. "Ndiye aliyebaki."