Mrudi Wawili

Kijijini Narung'ombe mtu husafiri kwa sababu. Amefiwa, anaozesha, anauguza, au anafuata bidhaa Ruangwa mjini. Kwa hiyo Rahimu na mkewe Sikuzani walipotangaza kwamba wanakwenda Denmark mwaka mzima, kufanya kazi na kutembea, watu waliuliza swali moja tu: kutembea kwa nani? Walipojibu kwamba kule hawana mtu, mjomba mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba ameambiwa wana ugonjwa.

Sababu walikuwa nayo. Wote wawili walikuwa na stashahada ya kilimo na wote wawili walikuwa nyumbani, wakisubiri ajira ya serikali. Mtoto walikuwa hawajapata. Ukatokea mpango wa kupeleka vijana wa kilimo kwenye mashamba ya matunda ya huko, na wanandoa wakaruhusiwa. Rahimu akashikilia bango. "Twende tukaone dunia, Siku," alisema, "kabla majukumu hayajatumeza." Sikuzani ni mtoto wa Nachingwea, na kuolewa Narung'ombe tu, hapo jirani, kulimliza. Lakini alimpenda mumewe, na katika safari aliyosimuliwa naye walikuwamo wawili kila mahali: wawili darajani, wawili kwenye theluji, wawili wamekaa ufukweni wanakula. Akakubali.

Mama Mwamini, mama yake Rahimu, aliwasindikiza mpaka stendi ya Ruangwa, akawashika mikono. "Mnakwenda wawili," alisema. "Basi mrudi wawili. Mie sina lingine."

Shamba walilopelekwa lilikuwa la matufaa, yale tunayoyaita epo sokoni. Mavuno yalipoanza, mwenye shamba, Bi Inge, mama mrefu asiye na maneno mengi, aliwaonyesha mistari ya miti kwa kidole, akawapa makreti, akaenda zake. Wao hawakuuliza kitu. Mavuno waliyajua tangu utotoni: mkorosho hauchumwi. Bibo linaiva, linaanguka lenyewe na korosho yake, nawe unainama unaokota. Anayepanda kuangua ni mwizi au mjinga. Basi wakainama. Wakaokota kila tufaa lililolala chini, wakalifuta kwa khanga ya Sikuzani, wakalipanga vizuri. Yaliyokuwa juu, mekundu na mazito, hawakuyagusa. Bi Inge aliporudi alitazama makreti, akatazama miti, akawatazama wao. Ya chini, aliwaeleza kwa Kiingereza cha polepole, ni ya nguruwe.

Waislamu wawili wa Narung'ombe, wametoka kwao mbali kote huko, kuja kumfutia nguruwe chakula kwa khanga! Walicheka mpaka wakakaa kwenye nyasi. Rahimu alijifuta machozi kwa pindo la khanga hiyo hiyo, na Sikuzani akawaza kwamba kumbe ughaibuni kunaweza kuwa kuzuri.

Kisha baridi ikaingia. Rahimu alihamishiwa ghalani, kwenye mashine za kuchambua matunda, pamoja na vijana wa rika lake. Sikuzani akabaki nje kupogoa miti, mkasi mkononi, mstari mzima peke yake. Jua lilizama kabla hajaanza hata kuwaza chakula cha jioni. Aliwasalimia watu njiani, wakashtuka. Kwenye basi walikaa mbali naye, na hawakuwa na ubaya, ndivyo wanavyokaa hata wao kwa wao. Lakini mtu aliyelelewa kwa kuulizwa hali ya shangazi, ya wifi na ya kuku, halizoei jambo hilo.

Kutembea walitembea, mwanzoni. Waliliona daraja, wakaliona kasri, wakakaa mbele ya bahari ya kijivu wakila mkate. Halafu vijana wa ghalani wakaanza kumwalika Rahimu, naye akamchukua mkewe. Sikuzani alikaa mezani wakizungumza lugha yao, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mara ya pili alisema anaumwa kichwa, na Rahimu hakumbembeleza sana. Nyumbani angekuwapo shangazi wa kumkalisha Rahimu chini na kumpa maneno yake. Kule hapakuwa na mtu. Ilifika mahali Rahimu, shabiki wa kufa wa Namungo, timu ya kwao Ruangwa, akaacha hata kuuliza wamecheza vipi. Hapo ndipo Sikuzani alipoogopa.

Mwaka ulipokwisha, Bi Inge alimpa Rahimu nafasi ya kuendelea na kazi. Rahimu alimweleza mkewe huku amejiinamia, anafunga kamba za viatu.

"Tangulia, Siku. Nimalizie mavuno haya tu, msimu wa korosho utanikuta nyumbani. Freshi?"

"Freshi," Sikuzani alijibu, neno ambalo hakuwahi kulitumia maishani. Alitaka kumwambia kwamba upweke umemla akiwa amelala ubavuni pake. Akafungasha.

Kwenye stendi ya Ruangwa, Mama Mwamini alimkumbatia, akamshukuru Mungu, kisha akaendelea kuutazama mlango wa basi. Abiria walishuka na magunia yao, na mama bado anatazama, mpaka kondakta akaufunga.

"Anakuja, mama," Sikuzani alisema. "Msimu ukianza."

"Haya, mwanangu." Mama akajitwisha begi.

Wazazi wake wa Nachingwea walimwita akasubirie kwao. Alikataa; mume akirudi akute nyumba haina mke? Msimu ukaanza. Kila asubuhi Mama Mwamini alikwenda shambani na ndoo tatu, ingawa waokotaji walikuwa wawili.

Rahimu alipiga simu ya video wakiwa huko huko shambani. Alikuwa na kofia ya sufu, na nyuma yake ngazi imeegemezwa kwenye mtufaa.

"Hebu nionyeshe shamba letu."

Sikuzani aliigeuza simu, akaipitisha taratibu kwenye mikorosho iliyojaa mabibo.

"Daah, yameiva kinoma!" Rahimu alisema. "Sasa mbona hamjayachuma? Mnangoja nini?"

Sikuzani alisubiri acheke. Alisubiri aseme anatania. Rahimu hakucheka; alikuwa amekaza macho, anangoja jibu kweli. Mama Mwamini aliinua mgongo, akaitazama simu, akamtazama mkwewe.

"Huku tunaokota," Sikuzani alisema.

"Ah, eeh. Kweli bwana." Mtu akamwita kwa ile lugha, naye akageuka akamjibu kwa haraka, bila kutafuta maneno. "Nitakupigia, Siku."

Simu ikakatika. Sikuzani alibaki ameishika. Moyo ulimuuma hasa, uchungu ambao hata theluji haikumpa, maana kule alikuwa bado anangoja.

Mama Mwamini aliichukua ile ndoo ya tatu, akaiingiza ndani ya ndoo yake.

"Inama tuokote, mwanangu," alisema.